Chupa Iliyosimama Wima

Alhamisi, tarehe 12 Oktoba. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya malisho, ubaridi wa kwanza wa majira uliuma masikio, na juu ya ukungu mbingu ilikuwa safi, haina hata wingu la kusingizia. Ndugu Arvil Ledford aliamka, akapiga magoti kando ya kitanda kama ilivyo desturi yake, akafungua kinywa kumshukuru Mungu kwa hali hiyo njema ya hewa. Sauti haikutoka.

Alijaribu tena. Kilichotoka kilifanana na bawaba ya lango lililosahauliwa mafuta.

"Funga mlango, Arvil," mkewe Naoma alisema kutoka chini ya blanketi. "Unalia."

"Si mlango," alinong'ona. "Ni mimi."

Mchungaji wa Kibaptisti asiye na sauti ni seremala asiye na nyundo, lakini wiki hiyo msiba ulikuwa mkubwa kuliko kazi. Jumamosi binti yao wa pekee, Karis, angeolewa hapo hapo shambani, mbele ya ghala la tumbaku. Tangu akiwa mtoto, akiwafungisha ndoa wanasesere wake kwenye ngazi za kanisa, Karis alikuwa na neno moja tu kuhusu harusi yake. Gauni lolote, keki yoyote, lakini baba ndiye atakayesema maneno. Ndugu Arvil alikuwa akiyafanyia mazoezi maneno hayo kwa miaka mingi, mengine akiyasema kwa ng'ombe.

Bwana harusi aliitwa Dalton Wimsatt, kijana Mkatoliki wa kaunti ya pili, kule wanakotengeneza wiski. Kazi yake ilikuwa kuunda mapipa ya mwaloni ya kuilaza mpaka ikomae. Ndugu Arvil alifunga na kuomba sana juu ya jambo hilo. Mwishowe aliona kwamba pipa lenyewe halina dhambi, dhambi hukaa ndani yake, akamkubali kijana kwa sharti moja: asimame mbele ya kanisa na kuahidi kwamba hataonja tone. Mwezi wa nane Dalton alisimama, masikio mekundu, akaahidi. Tangu siku hiyo, hata kwenye karamu za kwao, alikunywa maziwa, na wajomba zake wakampa jina la Ndama.

Ukoo wa Wimsatt nao ulikuwa na sharti lake. Lilitolewa na bibi yake Dalton, Bibi Philomena, mama wa miaka themanini na ushei, mfupi, mwenye fimbo asiyoihitaji.

"Ndoa isifungwe na padri, sawa," alisema. "Baba wa msichana ana haki yake. Lakini akishindwa kusema, kwa sababu yoyote ile, Leo wangu yupo."

Leo alikuwa mwanawe wa mwisho, padri wa parokia, ambaye angekuwa benchi la mbele kwa vyovyote.

"Mimi nishindwe kusema?" Ndugu Arvil alicheka siku hiyo. "Mama, mimi ni Mbaptisti."

Sasa alikuwa amekaa mezani na taulo shingoni. Alikuwa amesukutua maji ya chumvi, amekunywa siki, amemumunya pipi za kifua mpaka ulimi umekuwa wa kijani, na dawa ya duka la dawa ilikuwa imempa usingizi bila kumpa sauti. Kabla ya chakula cha mchana simu ililia. Naoma aliisikiliza, kisha akamwekea sikioni.

"Ndugu Arvil, ni Padri Leo. Karis ameniambia. Pole sana, ndugu yangu. Usihangaike hata kidogo. Pumzisha koo. Mavazi yangu yameshapigwa pasi."

"Asante," alinong'ona Ndugu Arvil.

Padri hakuwa na kejeli yoyote. Alikuwa mtu mwema kabisa, na hilo ndilo lililouma.

Naoma alikata simu, akafuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na maji. "Mama yangu alikuwa na dawa," alisema.

Ndugu Arvil aliikumbuka dawa hiyo. Mwaka wao wa kwanza wa ndoa alishikwa na kifua, na mama mkwe akamletea kikombe kilichofunikwa kwa sahani. Asubuhi yake alihubiri mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Hakuuliza kilikuwa na nini. Katika kaunti ile, kutouliza ilikuwa sehemu ya malezi mema.

"Inataka nini?" alinong'ona.

"Asali. Limau. Mdalasini, karafuu, tangawizi."

"Vyote tunavyo."

"Na kitu kimoja zaidi."

Kaunti yao ilikuwa kavu, yaani pombe haikuuzwa humo tangu enzi za babu zao. Jumanne ijayo kungekuwa na kura ya kuamua kama pombe iruhusiwe, na mwenyekiti wa kampeni ya kubaki kavu alikuwa amekaa hapo na taulo shingoni. Gari lake, lililoegeshwa mbele ya nyumba, lilikuwa na bango kwenye kila mlango: jina la kanisa, na chini yake neno HAPANA, herufi pana kama mikate. Duka la karibu lilikuwa ng'ambo ya mto, kwenye kaunti ya pili. Waumini wake walilijua vizuri duka hilo. Waliegesha nyuma, kwenye mapipa ya takataka, na wakikutana ndani kati ya rafu kila mmoja alianza kusoma dari.

"Kuna Hobart," alinong'ona Ndugu Arvil, akajuta papo hapo.

Hobart Skaggs aliuza chupa kutoka kwenye banda la kuku wake. Ndiye pia aliyesimika bango kubwa kuliko yote la HAPANA uani kwake, maana hakuna mtu katika kaunti nzima aliyechukia maduka ya pombe kwa moyo kama yeye. Lakini Hobart alikaa benchi la tatu kanisani, na mdomo wake haukuwa na mlango.

"Umwambie Hobart leo," alisema Naoma, "kesho uisome barabarani."

Basi wote wawili, bila kuambiana, wakageuza macho dirishani, kuelekea ghala la tumbaku.

Mwezi mmoja nyuma Bibi Philomena alikuja na koleo na chupa. Desturi yao, alisema, ni kuzika chupa ya wiski mahali maharusi watakaposimama, ikae mwezi mzima, kisha ichimbuliwe na kunywewa harusini baada ya maneno, na siku hiyo mvua haitathubutu. Ndugu Arvil aliuita ushirikina. Karis akamsihi, naye akakubali izikwe, ila yeye asiwe shahidi. Chupa ilipotolewa kwenye gari aliwageukia ng'ombe akawatazama mpaka koleo likanyamaza. Naoma aligeuka pamoja naye, kama mke mwema.

"Hawa wameokoka au wamegandishwa?" Bibi Philomena alimuuliza mjukuu wake, bila kushusha sauti.

Sasa, mchana wa Alhamisi, Ndugu Arvil alitoka na koleo begani kama mtu anayekwenda kukagua nguzo za uzio. Alikagua mbili za mwanzo, kwa ajili ya yeyote anayepita barabarani. Kisha akachimba. Udongo ulikuwa laini, na koleo halikwenda mbali kabla ya kugonga kioo. Alichokiona kwanza kilikuwa kitako cha chupa. Ilikuwa imezikwa kichwa chini.

Huruma ikamshika. Maskini mama wa watu, alijisemea. Macho yamekwisha, mikono inatetemeka, na sisi tumegeuka bila hata kumsaidia.

Akaificha ndani ya koti na kurudi nyumbani akipita nyuma ya banda.

Naoma alikuwa ameshapanga vitu mezani. Lakini alipoiona chupa alivuta kiti mpaka ukutani, akakaa ameipa meza mgongo, uso ukielekea kalenda ya duka la mazishi.

"Unafanya nini?" alinong'ona mumewe.

"Mimi ni mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake, Arvil. Siwezi kuigusa wala kuiona. Mkono utakuwa wako, mdomo utakuwa wangu. Chemsha maji."

Alichemsha.

"Tia mdalasini. Mzima, usiuvunje. Tangawizi kipande cha kidole gumba, kiponde kwa ubavu wa kisu. Acha vichemke polepole mpaka nyumba ijue. Sasa limau. Kata duara moja, uchomeke karafuu kwenye ganda, kuzunguka."

"Ngapi?"

"Mpaka lifanane na nungunungu mdogo."

Vidole vya Ndugu Arvil vilizoea kufunua kurasa nyembamba, na karafuu zilimtoroka zikaviringika sakafuni. Alizifuata akitambaa. Aliyekuwa akitazama ukuta hakucheka, ila mabega yake yalikuwa na kazi.

"Pasha kikombe. Mimina maji ya moto ndani, yazungushe, yamwage. Kikombe cha baridi kinaiua."

"Kinaua nini?"

"Dawa, Arvil. Sasa asali, chini kabisa, kijiko kilichovimba. Kamulia limau lililobaki. Haya. Sasa ile."

"Kiasi gani?"

"Vidole viwili."

"Vya nani?"

"Vya mama."

Ndugu Arvil alimkumbuka mama mkwe, aliyekamua ng'ombe maisha yake yote na kushikana mikono na watu mpaka wakapiga magoti. Akafungua chupa, akageuza uso kidogo, akamimina.

"Hivyo ni vidole vyangu," Naoma aliiambia kalenda. "Nimesema vya mama."

Akaongeza. Kisha akasimama na chupa mkononi. "Naoma. Wewe umejuaje haya yote?"

"Mama alinifundisha."

"Ulimwona akitengeneza?"

"Nani aone? Yeye ndiye aliyekuwa ukutani, mimi nikimimina. Na bibi alimfundisha yeye hivyo hivyo. Kwetu hakuna mwanamke aliyewahi kuiona ikitengenezwa. Chuja maji yako juu yake. Usije ukaichemsha ile, ukiichemsha unabaki na harufu na aibu. Koroga kwa kijiti cha mdalasini, weka nungunungu juu, funika kwa sahani. Ipumue kabla hujainywa. Jina lake hasa ni todi, ila mama alilitaja akiwa peke yake tu."

Alipofunua sahani, mvuke ulimpanda usoni. Ulinukia Krismasi, ulinukia mbao za kanisa zikiota jua, na katikati yake palikuwa na kitu kingine kilichomwita kwa jina.

"Kuna Timotheo," Naoma alisema taratibu. "Naye alikuwa mgonjwa, akaambiwa anywe divai kidogo."

"Ile ilikuwa juisi ya zabibu," alinong'ona Ndugu Arvil. Ndivyo alivyofundisha miaka yote.

"Basi subiri juisi. Nimpigie Padri Leo?"

Hakuwahi kutia kitu kinywani bila kushukuru, na hakujua kushukuru kwa hiki. Alisimama na kikombe kwa muda, mikono ikipata joto, moyo ukiwa hauna raha. Mwishowe akainamisha kichwa.

"Bwana," alinong'ona, "unajua kilichomo humu. Sitakutajia. Unajua na ninachokiomba. Nipe sauti ya siku moja, nimwozeshe mtoto wangu. Kisha nifanyie upendavyo."

Akanywa. Kilipita kooni kama jua linavyopita kwenye ukungu, pole pole, kikisukuma. Alikunywa mpaka karafuu zikamgusa mdomo.

"Amina," alisema, na amina hiyo ilikuwa na mwili.

Naoma akakohoa mara moja, kikohozi kikavu, kilichonyooka, akikielekeza ukutani.

"Na mimi," alisema, "naona kifua kinabana."

Ijumaa asubuhi kifua cha Ndugu Arvil kilitaka dawa tena, kwa tahadhari. Cha Naoma nacho. Adhuhuri Dalton alikuja kupanga viti mbele ya ghala, akaingia jikoni kuomba maji ya kunywa, akasimama mlangoni.

"Mchungaji, humu mnanukia Krismasi."

"Dawa ya kifua," alisema Ndugu Arvil. Sauti yake ilikuwa imerudi nusu, nzito kuliko ilivyoondoka.

Pua ya Dalton ilikuwa imekaa ndani ya mapipa tangu ujana wake. Ilisimama hewani kidogo, kama mbwa aliyesikia jina lake. Kijana alikitazama kikombe, akamtazama baba mkwe wake mtarajiwa, akateremsha macho.

"Inanukia kuwa dawa nzuri," alisema, akaondoka kwenda kwenye viti vyake bila kunywa maji.

Jioni ya Ijumaa sauti ilikuwa kamili. Chupa ndiyo haikuwa kamili. Ilikuwa imeshuka chini ya karatasi ya jina, na hakuna kati ya wale wawili aliyeweza kueleza ilivyofika huko, maana mmoja hakuangalia wakati akimimina na mwingine hakuangalia kabisa. Ndugu Arvil alifungua friji. Katika kila nyumba ya kaunti ile kuna jagi la chai baridi yenye sukari. Aliimimina, akaiinua chupa dirishani. Rangi ilikuwa ile ile, kama ya pacha.

"Ni desturi tu," Naoma aliuambia ukuta. "Watakunywa kidogo, kwa heshima, na kuifunga."

Aliirudisha shimoni jua lilipokuwa likikaribia vilima. Na hapo akakumbuka jinsi alivyoikuta. Angeweza kuiacha vile, aibu ikae na mwenyewe. Lakini huruma haigharimu kitu. Akaisimamisha wima, shingo juu, kizibo kikitazama mbingu, akaifukia kwa upole. Katika jambo hili lote, alijiambia, hili moja angalau nimelitenda sawa.

Jumamosi kulipambazuka na mawingu. Wageni walipokuwa wakikaa, Wakatoliki kushoto na Wabaptisti kulia, tone la kwanza lilimwangukia Bibi Philomena kwenye kofia. Alitazama juu kwa hasira ya mtu aliyeonyeshwa ufidhuli na jirani wa siku nyingi. La pili lilimwangukia mkononi.

"Haiwezekani," alisema.

Mvua ikaja bila kumuuliza. Watu walibeba viti juu ya vichwa na kukimbilia ghalani, ambako tumbaku ya mwaka huo ilikuwa imetundikwa ikikauka, safu juu ya safu mpaka darini, majani ya kahawia yakiwagusa wanaume warefu vipara. Bibi Philomena aliyatazama, kisha akamtazama mwenye ghala.

"Moshi unaruhusiwa, naona."

Ndugu Arvil alilima tumbaku tangu ujana na hakuwahi kupata hubiri ndani yake. Alijifanya kutafuta Biblia yake.

"Maharusi, njooni hapa mbele," alisema, na sauti ilijaza ghala lote kama kengele. Upande wa Wabaptisti ulitikisa vichwa kwa furaha. Padri Leo alitikisa cha kwake pia, mavazi yake yakiwa yamekunjwa magotini.

"Bado," alisema Bibi Philomena. "Sijawahi kulowa kwenye harusi ya mtoto wangu, wala ya mjukuu. Kuna jambo na chupa ile. Dalton, ichimbue. Sasa hivi, kabla ya maneno."

"Bibi, inanyesha."

"Ndiyo maana, mwanangu."

Dalton alivua koti, akatoka na koleo mvuani. Watu wakajaa kwenye mlango mpana wa ghala, Karis mbele, ameshika gauni lisiguse matope. Koleo lilizama mara chache tu. Kisha Dalton akainama na kupangusa udongo kwa mkono.

"Simama hapo hapo," alisema Bibi Philomena. "Hicho ni nini?"

"Ni chupa, Bibi."

"Naona ni chupa. Kwa nini naona shingo?"

Wabaptisti walidhani kila chupa huwa na shingo.

"Inazikwa kichwa chini," Bibi aliwaeleza, kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Kichwa chini, kitako juu. Ndivyo nilivyoizika kwa mikono yangu, na ndivyo bibi yangu alivyozika. Ukiisimamisha wima unaiita mvua ije kunywa. Ilete."

Dalton aliileta. Bibi alikizungusha kizibo, nacho kikatoka bila ubishi. Akanusa. Akaweka mdomoni, akaizungusha ulimini, akameza, macho yamefumbwa.

"Hii imebatizwa," alisema. "Na si kwa kunyunyiziwa. Imezamishwa mwili mzima, kwa desturi ya nyumba hii."

Upande wa kushoto ukacheka. Wa kulia haukucheka. Bibi alionja tena.

"Chai," alisema. "Yenye sukari."

Hapo kicheko kikaisha, kwa sababu watu wa pande zote mbili walianza kufikiri, na kila aliyefikiri alimtazama mtu mmoja. Nani alikuwa shambani Ijumaa akipanga viti? Nani alikua ndani ya mapipa? Nani alikuwa na kiu ya tangu mwezi wa nane?

"Pipa ni pipa tu," alisema Hobart Skaggs kutoka safu ya tatu ya viti, maana hata ghalani alikuwa ametafuta ya tatu. "Ulipake rangi, ulipeleke kanisani, ni pipa tu."

"Dalton," Karis alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Uliahidi mbele ya watu wote hawa."

Dalton alisimama na koleo, maji yakimtiririka kwenye nywele. Alimtazama Ndugu Arvil. Ilikuwa mara moja tu, na fupi. Kisha akateremsha macho, vile vile alivyoyateremsha mlangoni mwa jikoni.

"Sina la kusema, Karis."

"Huna la kusema?"

"Sina."

Karis alilitazama shada la maua mkononi kama kitu alichopewa amshikie mtu mwingine. Akaliweka juu ya robota la majani makavu. "Mimi siwezi kuanza nyumba hivi," alisema.

Ndugu Arvil alihisi sauti yake kifuani, imejaa, mviringo, tayari. Haijawahi kuwa nzuri hivyo. Na ulimi, uliozoea kazi, ulikuwa umeshamwandalia hubiri fupi juu ya rehema: tusihukumiane, tusameheane, tuendelee, hoja tatu na wimbo wa kufunga. Lingependeza. Watu wangelia. Dalton angesamehewa kosa ambalo hakulifanya, na ndoa ingefungwa.

Akakumbuka alivyoomba akiwa ameshika kikombe. Sauti ya siku moja, kisha nifanyie upendavyo. Mungu alikuwa ametimiza nusu yake bila kuchelewa. Akaona huu ndio mwanzo wa ile nusu ya pili.

"Ni mimi," alisema.

Watu walidhani anaanza hubiri. Wakasubiri.

"Niliichimba Alhamisi, kwa koleo hilo hilo. Sikuwa na sauti. Niliitengeneza jikoni kwangu kwa asali na karafuu na limau, nikainywa. Ijumaa nikainywa tena. Nilipoona imepungua nikatia chai. Kijana huyu hajagusa tone. Aliinusa, akajua, akaninyamazia. Karis, sauti hii unayoisikia si yangu. Ni ya Bibi Philomena."

Nyuma yake, Naoma alikuwa ameelekea ukuta wa mbao wa ghala tangu chupa ilipotolewa ardhini. Sasa aligeuka, taratibu, akawaangalia watu usoni.

"Na mimi," alisema. "Kifua kilinibana."

Mtu mmoja kwenye Umoja wa Wanawake alianza kukohoa, akajizuia.

"Baba," alisema Karis. Alikwenda akamshika Dalton mkono wenye matope, akaushika kwa nguvu, bila kujali gauni, kisha ndipo akamgeukia baba yake. Macho yake yalikuwa na machozi, lakini pembe ya mdomo ilikuwa ikihangaika. "Ulimfanya asimame mbele ya kanisa zima."

"Nilimfanya."

"Na wajomba zake wanamwita Ndama."

"Nimesikia."

"Kwa hiyo," Padri Leo aliuliza kwa upole, akitazama mavazi yake, "mimi nahitajika au sihitajiki?"

"Kaa, Leo," alisema mama yake. Alikuwa hajamwondolea Ndugu Arvil macho. "Ungeniomba, ningekuletea nyingine na limau juu yake. Lakini hilo nitalisahau. Niambie moja. Nani aliigeuza?"

"Mimi, mama. Nilidhani umekosea."

"Mimi nimekosea."

"Nilikukuta umeizika kichwa chini, nikakuonea huruma. Sikuona ulivyoizika. Nilikuwa nimegeuka."

"Huo ndio ubaya wa kugeuka," alisema Bibi Philomena.

Mvua ilipiga bati. Wabaptisti wengi wakayaangalia majani ya tumbaku kwa makini makubwa.

"Sasa sikiliza, mchungaji," Bibi aliendelea, akagonga fimbo kwenye ubao. "Utawafungisha ndoa, kwa kuwa sauti ipo na ni yangu, na mimi nataka itumike. Lakini mjukuu wangu ulimsimamisha, akaahidi mbele ya watu, na akashika. Wewe nawe simama pale pale wanaposimama wao. Inua mkono. Nataka chupa yangu, na nataka kusikia itakujaje."

"Kwa hilo mimi naweza kusaidia," alisema Hobart kutoka safu ya tatu. "Si mbali, na si lazima mtu ajue."

"Nyamaza, Hobart," alisema Ndugu Arvil.

Alisogea mpaka mbele, mahali pa maharusi. Karis na Dalton walimpisha. Aliinua mkono wa kulia, ule uliomimina. Aliwatazama Wakatoliki waliokuwa wakimtazama waziwazi, akawatazama wake mwenyewe, mmoja mmoja, watu aliowabatiza, watu ambao magari yao aliyajua. Aliposema, sauti ilitoka ghalani, ikapita mvuani, na ng'ombe kwenye malisho wakainua vichwa.

"Mbele za Mungu na mbele yenu mashahidi naahidi. Jumatatu, mchana kweupe, nitakwenda ng'ambo ya mto kwa gari langu, mabango yakiwa milangoni. Nitaegesha mbele. Nitaingia kwa mlango wa mbele, nitanunua chupa ya Bibi Philomena, na kila mtu wa kanisa letu nitakayemkuta humo ndani, nitamsalimia kwa jina lake."